Kikombe cha Bluu Msumarini

6 Februari

Mpendwa mdogo wangu Kucha,

Salamu nyingi. Mikate ya maziwa ni kumi na miwili, na barua iko chini yake kama kawaida, ili uisome ukiwa umeshiba na usininunie. Karatasi ikiwa imelowa mafuta usimlaumu dereva wa basi. Ni mimi niliyeifunga mikate ikiwa bado ya moto. Siku hizi nina haraka ya kumaliza kila kitu ili nikakae.

Habari za hapa ni zilezile. Tanuri la mama linavuja moshi upande wa kushoto. Shemeji yako ameliziba kwa udongo mara tatu na bado anajiita fundi. Yeye anasambaza mikate madukani kwa baiskeli, mimi naoka, msaidizi wangu anakanda. Majirani wanasema nimepungua na nimependeza. Nguo zinanicheza kweli, lakini ni kazi tu, usianze kuniwazia.

Chumba chako kipo. Nimeweka magunia matupu humo, ila kitanda sijakigusa. Kikombe chako cha bluu nacho kipo palepale, msumarini kando ya mlango wa jikoni, peke yake. Hakuna anayekinywea. Binti alitaka kukishusha juzi nikamgombeza: hicho ni cha mjomba. Nataka siku ukirudi ukikute kinakungoja.

Huu ni mwaka wa tisa. Ulisema unakwenda kutafuta kazi na utarudi mvua zikikatika. Nimeacha kuuliza kwa nini, maana kila nikiuliza unanipa habari za lifti unazotengeneza. Mama alipofariki, binti akiwa bado wa mgongoni, ulikaa siku mbili, ukalala kwenye benchi la nje kama mlinzi, ukaondoka bila kula. Ukasema nisikupigie simu, eti ukisikia sauti yangu siku hiyo kazi haifanyiki. Sawa, naandika. Lakini binti anatimiza miaka kumi mwezi wa Novemba, na ameniuliza kama mjomba wake ana sura. Nimemwambia anayo, tena nzuri. Njoo umwonyeshe.

Nimekukumbuka sana. Nimeliweka hili mwisho ili usilirukie.

Dada yako,
Dada Unga


21 Februari

Dada Unga,

Mikate imefika. Nilijiapiza kula mmoja kwa siku. Siku ya tatu nilikuwa nalamba karatasi. Huku nakula wali na viazi, maana mkate wao ni sifongo tupu, haunipandi. Kwa hiyo wako ukifika sina adabu.

Kazi ni nzuri. Jengo lina ghorofa kumi na moja na lifti mbili, moja nzima na moja ina tabia. Hiyo yenye tabia husimama kati ya ghorofa ya sita na ya saba, tena ikiwa imebeba watu wenye haraka. Mimi hupanda juu ya paa lake, napiga magoti kwenye grisi, nasikia wanavyonisema huko ndani. Juzi mzee mmoja wa ofisi ya bima alisema, "Huyu fundi amelala huko juu." Nikamjibu kwenye tundu, "Nimelala kweli, mzee, na ninaota nakutoa." Walicheka, nikawatoa. Kazi hii inanifaa. Niko peke yangu, ovaroli ni ya mikono mirefu, glavu mkononi, hakuna wa kuniangalia.

Kuhusu kuja, Novemba kuna ukaguzi wa lifti zote za mtaa huu na msimamizi hatanisikia. Tuseme mwakani.

Kuhusu kikombe, ulifanya vizuri kumgombeza binti. Asikiguse.

Usidhani sikukumbuki. Kila nikila mkate wako, mwili unaniwasha wiki nzima. Nadhani hiyo ndiyo hamu ya nyumbani, imekosa pa kutokea.

Mdogo wako,
Kucha


30 Machi

Kucha wangu,

Utashangaa bahasha imekuja haina mkate. Kaa chini kwanza, hakuna aliyekufa.

Wiki mbili zilizopita nilianguka mbele ya tanuri. Nilikuwa nimeshika koleo lenye mikate minane, na shemeji yako anasema niliiweka chini vizuri kabla ya kuzimia. Sijui kama ananisifu au ananicheka. Nilikudanganya, mdogo wangu. Mwaka mzima tumbo limekuwa likijaa, chakula hakikai, damu imepungua, na kupanda ngazi mbili ni lazima nishike ukuta. Sikukuambia kwa sababu ungesema unakuja na usingekuja, halafu ningeumia mara mbili.

Hospitali walinipima damu, wakaingiza mpira wenye kamera hadi kwenye utumbo. Daktari ni mama mmoja mfupi, anaongea taratibu kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Aliniambia nina siliaki. Ndani ya ngano kuna kitu kinaitwa gluteni, ndicho kinachoufanya unga uvutike. Kimo pia kwenye shayiri na nafaka iitwayo rai. Kikiingia kwenye mwili wangu, kinga yangu inakasirika na kuushambulia utumbo wenyewe. Aliponiuliza kazi yangu nikamwambia ni muoka mikate. Akasema, "Pole sana, mama." Nilicheka mpaka nikalia. Nimekula unga, nimevuta unga, nimelala na unga kwenye nywele tangu nina miaka saba, na kumbe ndio ulionila mimi.

Sasa sikiliza kilichonifanya nishike kalamu. Daktari aliniuliza kama kuna ndugu mwenye tumbo kama langu. Nikasema hakuna. Akauliza kama kuna anayetokwa na malengelenge madogo yanayowasha sana, viwikoni, magotini, makalioni. Nikasema hakuna. Nimefika nyumbani, nimekaa jikoni, nikamkumbuka mtoto aliyekuwa akijisugua kwenye fremu ya mlango mpaka rangi ikabanduka, na watoto wa mtaani wakamwita Kucha, na mimi nikalichukua jina nikaliona tamu.

Anasema ni ugonjwa mmoja wenye sura mbili. Unakuja kwa vinasaba, kutoka kwa wazazi. Ndugu wawili wanaweza kurithi kinasaba kilekile, kwa mmoja kikatokea tumboni, kwa mwingine kikatokea kwenye ngozi, na wa tatu kisimfanye lolote. Hauambukizi hata kidogo.

Bado unajikuna? Nijibu ukweli. Na mkate uache leo hii.

Dada Unga


10 Aprili

Mdogo wangu,

Simama hapohapo! Usiache mkate!

Nimemwambia daktari kwamba nimeshakuagiza uache. Alishika kichwa. Kumbe mtu akiacha kabla ya kupimwa, vipimo vinaweza kuonyesha kuwa ni mzima wakati si mzima. Inabidi ule ngano kila siku kwa wiki sita hivi, halafu uende kwa daktari wa ngozi ukamtajie mimi na ugonjwa wangu. Mwambie neno siliaki. Ukimwambia "nawashwa" tu atakupa dawa ya upele.

Ndani ya boksi kuna mikate sita. Mimi sikanyagi tena chumba cha unga, kwa hiyo ameikanda shemeji yako. Nilisimama mlangoni nimefunga kitambaa puani, nikamwelekeza kwa kidole. "Ongeza maziwa." "Haya?" "Maziwa, si maji, baba!" Mmoja umepinda, na mwingine una alama ya saa yake. Ikiisha nunua ya huko, hata kama ni sifongo.

Ni mikate ya mwisho kutoka kwangu kuja kwako. Nilipoifunga nilibaki nimeshika kamba muda mrefu. Miaka tisa sikuwa na njia nyingine ya kukugusa.

Dada Unga


12 Aprili

Dada,

Barua yako ya Machi nimeisoma juu ya paa la lifti, kwa tochi ya kichwani, na watu wa ghorofa ya tisa wakapanda ngazi kwa sababu yangu. Nafuu yako ndiyo ninayoiomba kwanza. Kwamba ulikuwa mgonjwa na mimi nilikuwa nakuandikia vichekesho vya mzee wa bima, hilo litanisumbua.

Ndiyo, najikuna. Viwiko, magoti, makalio, kisogo. Yanakuja pande zote mbili sawasawa, kiwiko hiki na kile, na hayaachi mpaka nimeyatoa damu. Nimepakwa dawa ya upele mara kumi na nne. Nimechemsha mashuka. Nimetupa godoro. Kuna mama mmoja wa mapokezi ghorofa ya tano ambaye kila asubuhi ananinyooshea mkono, na kila asubuhi mimi nimeshika spana.

Sasa acha nikuambie la kikombe, maana umekitaja kwenye barua zako miaka tisa kama unayenipa zawadi. Mama aliniletea nikiwa na miaka kumi na moja. Siku hiyohiyo nilipata sahani yangu, taulo langu, beseni langu. Wewe ulilia ukitaka cha kwako cha bluu, unakumbuka? Ulidhani napendelewa kwa kuwa mimi ni kitinda mimba. Mimi nilijua. Sikukuambia, kwa sababu wewe peke yako ndani ya nyumba ile ulikuwa huniogopi.

Binti alipokuwa na miezi minne nilimbeba. Ulikuwa umelala umechoka, naye alikuwa analia. Nilimlaza kifuani akanyamaza, akashika sikio langu. Kesho yake alitokwa na vipele shingoni. Mama hakunifokea. Alimchukua kutoka mikononi mwangu, akamwogesha kwa sabuni mara mbili mbele yangu, akasema polepole, "Mwanangu, usimbebe tena." Wiki iliyofuata nikaenda kutafuta kazi.

Ndiyo maana nililala kwenye benchi. Ndiyo maana sikula. Sikuwa na hasira na mtu. Nilikuwa natamani kuingia mpaka nikauma blanketi.

Mkate nimeuacha siku uliponiambia. Ajabu, nausikitikia. Na jina la Kucha, ukiweza, liache pia.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Barua zetu zilipishana njiani. Nimeisoma yako nimekaa kwenye kitanda chako, katikati ya magunia. Kisha nimeisoma tena. Nisamehe jina. Nisamehe kikombe. Nilikuwa nakipangusa vumbi kila Ijumaa.

Vile vilikuwa vipele vya joto! Nilikuwa nimemfunga binti blanketi mbili kwa uoga wa mama mpya. Siku ya tatu vilikuwa vimekwisha. Hakuna aliyekwambia kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ulikuwa unangoja kuambiwa. Miaka tisa, mdogo wangu, kwa blanketi mbili.

Nilimwendea mama mdogo. Unamjua, anaishi nyumba ya tatu, ana maneno mengi ila siri zake kazifungia. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamuuliza waziwazi: mama alijua nini kuhusu ngozi ya mdogo wangu? Aliendelea kuchambua mpaka nikadhani hajanisikia. Kisha akasema, "Mama yenu aliniapisha."

"Mama hayupo tena," nikamwambia. "Mwanawe yupo."

Akaweka ungo chini. "Mbele ya tanuri lile, joto lile, umewahi kumwona dada yangu na mikono mifupi?"

Sijawahi. Na wewe hujawahi. Tulidhani ni heshima. Mama mdogo ndiye aliyekuwa akimpaka mafuta viwikoni, mlango umefungwa. Malengelenge yaleyale. Alikuwa nayo tangu kabla sijazaliwa, na alificha kwa sababu nani angenunua mkate wa mwanamke mwenye vidonda? Ulipoanza kujikuna alikwenda kulia kwa mdogo wake. Alisema, "Nimemwambukiza mwanangu kwa kikombe changu."

Kile kikombe chake cheupe, cha juu kabatini, ambacho hatukuruhusiwa kukigusa. Mimi nilidhani ni ukubwa wa mama. Kumbe alijitenga yeye kwanza, kisha akakutenga wewe, ili ugonjwa usifike kwangu wala kwa binti. Alikukosea, na nina hasira naye mpaka meno yananiuma. Lakini alikisia jambo moja sawa. Kweli alikupa yeye. Alikupa kabla hujazaliwa, kwenye damu, na mimi akanipa vilevile. Kikombe hakikuhusika.

Kula ile mikate mibaya ya shemeji yako. Kapimwe. Halafu uje.

Dada yako


20 Juni

Dada,

Nimekula mikate sita mibaya na sifongo ishirini na tisa. Kuhusu ule wenye alama ya saa, mwambie shemeji ulinionyesha saa nne na robo. Siku ya tano viwiko viliwaka, na safari hii nilijikuna huku nacheka, nikasema, karibuni, mnatakiwa mahakamani.

Daktari wa ngozi ni kijana, alitaka kunipa dawa ya upele. Nikamwambia neno lako. Akaweka kalamu chini, akanitazama upya. Alikata kinyama kidogo sana, si kwenye lengelenge bali kando yake, kwenye ngozi inayoonekana nzima. Anasema ushahidi hujificha hapo. Majibu yametoka: ni siliaki ya ngozi. Jina lake halisi ni refu, la Kilatini, nimelibeba kwenye karatasi mfukoni na sijaweza kulitamka. Walipima utumbo pia. Umechakaa kama wako, ila wangu haukuwahi kulalamika. Yaani tumbo langu ni pole na ngozi yangu ni kelele, na wewe kinyume chake.

Nilimuuliza mara tatu: hauambukizi? Mara ya tatu alinivuta mkono, akapandisha shati, akanishika kiwiko kwa mkono usio na glavu. Dada, sikumbuki mtu wa mwisho kunigusa pale. Nilijifanya nakohoa.

Nimepewa vidonge vya kutuliza muwasho, napimwa damu kwa ajili yake, na ngano basi maisha. Muwasho umepungua siku ya pili tu. Lakini malengelenge yenyewe, anasema, yanaweza kuchukua mwaka au hata miwili kwisha, na makovu hayana ahadi. Kwa hiyo nimepanga hivi. Nitakuja nikishatakata. Sitaki binti anione mara ya kwanza nikiwa na madoa. Nimengoja miaka tisa, miwili si kitu.

Vaa kitambaa puani.

Mdogo wako


5 Julai

Mdogo wangu,

Miwili si kitu kwako. Mimi nimekwisha kuhesabu tisa, na kidole cha kumi sikupi.

Mama naye alikuwa anangoja atakate. Alingoja na mikono mirefu mpaka tukamzika nayo.

Tanuri nimemwachia msaidizi wangu, analiendesha na shemeji yako, mlango wake umehamia barabarani na unga hauingii tena ndani. Mimi nimejengewa dogo uani. Naoka kwa mtama, mchele na muhogo. Mkate wa kwanza ulipasuka, wa pili ungeweza kuzuia mlango usifunge. Wa saba umelika. Jikoni nina rafu yangu: sufuria yangu, ubao wangu, kisu changu, hakuna wa kuvigusa kwa mkono wenye unga. Nilipomaliza kuipanga nilirudi nyuma kuitazama, nikashika mdomo. Nimejitengea vyombo. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Tofauti ni kwamba rafu ni ndefu, na nusu yake iko tupu.

Binti amepimwa. Ana vinasaba vyetu lakini ugonjwa hana, atapimwa tena kila baada ya muda. Nilimweleza yote, hata habari za blanketi. Alifikiri, akauliza, "Kwa hiyo nilikuwa nimeshika sikio lake?" Tangu hapo hilo tu ndilo analotaka kujua: sikio gani.

Njoo na madoa yako. Nimechoka kukuandikia.

Dada


16 Novemba, hapa mezani

Dada,

Umekwenda sokoni na mikate yako ya mtama, shemeji yuko kwenye baiskeli, na mimi nimezoea vibaya: nikitaka kukwambia kitu lazima nishike kalamu. Hii ni barua yangu ya kwanza isiyo na stempu. Naiweka chini ya mkate, kama kawaida yetu.

Jana niliposhuka kwenye basi ulinishika viwiko vyote viwili kabla hujanishika mkono, nikajua ulikuwa umepanga. Niliinamia begi langu. Ulidhani nimechoka safari. Nilikuwa natafuta njia ya kukwambia kwamba sauti yako ni ileile, na kwamba nilikuwa na haki ya kuiogopa simuni, maana ningeiacha lifti hewani na watu wake ndani. Mama wa mapokezi nilimpa mkono nilipoaga. Alisema, "Kumbe una vidole!" Hiyo nakueleza baadaye.

Nimelala kitandani kwangu. Asubuhi nimevaa shati la mikono mifupi, nililinunua mwezi uliopita na sikuwahi kulitoa kwenye mfuko. Viwiko bado vina madoa, mawili mapya. Mchana niliingia jikoni nikiwa nimevikumbatia.

Binti alikuwa ametoka shule, ameketi kando ya rafu yako. Alinitazama viwiko bila haya, akasema, "Yanauma?" Nikasema yanawasha, si sana siku hizi. Akaja, akashika sikio langu la kushoto, akapima, akashika la kulia, akaamua. "Lilikuwa hili." Nilimwambia ni hilo. Kweli ni la kushoto, lakini alikuwa na uhakika sana.

Kisha akaniuliza kama anaweza kunywa maji kwa kile cha bluu. Alisema umemkataza maisha yake yote, na sasa mwenyewe yupo, basi aulizwe mwenyewe.

Dada, nilisimama. Miguu yangu ilitaka kwenda kwenye lile benchi. Niliona beseni, niliona sabuni, nilimwona mama anageuka naye mlangoni, na nikamwonea huruma mama kwa mara ya kwanza, na hapohapo nikamkasirikia kama wewe. Binti alikuwa ameshanyoosha mkono.

Nikakishusha msumarini. Nikakisuuza, nikajaza maji, nikampa.

Alikunywa kama nusu, akafuta mdomo, akanirudishia. Nikamalizia mimi.

Kikombe nimekiweka kwenye rafu, upande ule mtupu. Msumari nimeung'oa.

Mdogo wako